Wimbo Uliotuketisha Benchi la Nyuma

Tulimzika Asende siku ya Jumanne, kando ya shamba lake la mahindi katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na kabla jeneza halijatoka kanisani nilimsikia mzee wa kanisa akisoma mbele ya umati kwamba wimbo wa marehemu ulikuwa "tunda la kanisa letu." Nilikuwa nimeketi safu ya tatu, mahali wanapowekwa walimu na wageni wa heshima, nimevaa gauni jeusi na kitabu cha nyimbo kimelala mapajani. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa watu katika shule ya sekondari huko Kakiika kwamba sentensi ya uongo haigeuki kuwa kweli kwa kusomwa kwa sauti ya huzuni. Sentensi ile ilikuwa ya uongo. Mtu wa kwanza kuwa na hatia juu yake alikuwa yule aliyeisoma, na wa pili nilikuwa mimi, maana nilikuwa nimemwandalia njia miaka mingi kabla.

Sitasimulia wazazi wangu walikuwa nani, wala tulivuka mpaka upi, wala tulimkimbia nani. Sisi watu wa Nakivale tumeitoa habari hiyo mara nyingi mno mbele ya mtu mwenye kalamu na karatasi, hata imekuwa kitu cha kukabidhi ili tukabidhiwe kingine. Nitasimulia mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na umri wa miaka kumi na tisa, kwa sababu ndani yake nilitenda tendo langu la kwanza la ujasiri na tendo langu la kwanza la woga, na yote mawili yalihusu wimbo mmoja.

Chumba cha korali, maana hivyo ndivyo sisi Wakongomani tuitavyo kwaya, kilikuwa nyuma ya kanisa: kuta za udongo, paa la turubai, na sakafu tuliyoisiliba kwa udongo wa ziwani kila Ijumaa. Magitaa mawili na gitaa la besi vilining'inia ukutani kwenye misumari mirefu, na chini yake ilikaa spika moja kubwa katika sanduku la mbao, iliyonyeshewa mvua kwenye mkutano wa injili na tangu hapo ikawa inakohoa kila sauti ilipopanda. Ufunguo wa chumba ulikuwa shingoni mwa Papa Lusambya, mzee wa kanisa aliyesimamia vyombo, nao haukuvuliwa hata alipokuwa akilima. Mimi nilikuwa katibu wa korali. Mpiga besi wetu alipopata safari ya kuhamia ng'ambo, gitaa lake lilikaa ukutani miezi miwili bila mwenyewe, kwa kuwa wasichana wa kanisa letu waliimba na hawakupiga. Siku nilipolishusha, Papa Lusambya alisimama mlangoni akasema kwamba mikono ya mwanamke ni ya kushika mtoto. Asende, ambaye alipiga gitaa la kwanza na ambaye nilimwita yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa, alimjibu bila kuinua kichwa: "Papa, mutoto bado hajazaliwa. Kwa sasa tumuache ashike gitaa." Mzee alicheka, na kicheko chake kilikuwa ruhusa. Nalitaja hilo kwa haki, ili msomaji asije akadhani kwamba aliyetuhukumu baadaye alikuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu mwema aliyeshika ufunguo kwa muda mrefu mno.

Wa tatu wetu alikuwa Melkiori, Mrundi na Mkatoliki, aliyepiga ngoma kwa kuunganisha ngoma moja ya kupigwa kwa mguu, sufuria lililotoboka na dumu la mafuta lililokatwa mdomo. Hakuwa wa kanisa letu, lakini aliruhusiwa kuingia mazoezini kwa sababu hakuna Mprotestanti aliyeweza kupiga vile. Asende alikuwa na kaseti isiyo na jina, iliyofutika maandishi, ambamo wanaume wasiojulikana walipiga magitaa makali kama misumeno na kuimba kama watu waliokataa kutoka nyumbani mwao. Hatukujua lugha yao. Tuliisikiliza hadi utepe wake ukachakaa, na kila Jumamosi, nyimbo za ibada zilipokwisha na wengine walipokwenda zao, sisi watatu tulibaki tukijifunza ukali ule. Tulijiita Turubai. Huko mjini Mbarara baadaye waliuita muziki wetu roki, kwa kukosa neno jingine.

Wimbo wenyewe ulizaliwa kwenye chakula. Asende alikuwa amepoteza kadi yake ya chakula, na mara kumi na moja alikwenda kwenye dirisha la ofisi ya mgao kuomba nyingine, na mara kumi na moja mtu wa ndani akamwambia arudi kesho, bila kumtazama. Siku ya kumi na moja alirudi tukiwa tumeandaa bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, katika ua wa jirani yangu. Alikuwa ametia tonge la pili mdomoni wakati kijana mgeni, nadhifu, mwenye daftari, alipoingia na kuomba kwa upole asimuliwe jinsi alivyokimbia vita. Asende alitafuna, akameza, akasema: "Ninakula. Rudi kesho." Tulingoja mbingu zianguke. Yule kijana aliomba radhi, akafunga daftari, akaondoka. Na kesho yake, saa ileile, alirudi kweli. Nitakumbuka daima uso wa Asende alipomwona anaingia tena uani. "Kumbe hata sisi tunaweza kuisema," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. Jioni hiyohiyo aliniletea mistari, nami nikaiweka sawa kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri na masikio yangu makali. Kiitikio kilisema hivi:

Ulisema nirudi kesho, nikarudi.
Leo niko mu mulango yangu:
rudi weye, rudi weye kesho.

Katika beti tuliiambia njaa irudi kesho, homa irudi kesho, na mwenye daftari arudi kesho. Hapakuwa na neno moja la kuomba kitu. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule, vya washairi wa pwani na vya wanafalsafa wa nchi za mbali, na bado naamini kwamba wimbo usioomba kitu ni jambo adimu mahali ambapo watu wamefundishwa kuomba.

Mwenye studio huko Mbarara aliitwa Tumwine, Mnyankole mnene na mcheshi, ambaye chumba chake kilikuwa Kakiika, ukuta mmoja na mashine ya kusagia mahindi. Alikubali kutusikiliza. Ili kufika kwake tulihitaji magitaa, na magitaa yalihitaji ufunguo, na ufunguo ulihitaji sababu. Mimi ndimi niliyetunga sababu. Nilimwendea Papa Lusambya nikiwa katibu mwaminifu, daftari langu kifuani, nikamwambia kwamba tumealikwa kuimba kwenye harusi ya muumini huko Isingiro. Alivua ufunguo shingoni akanipa, na akasisitiza tubebe pia spika, kwa kuwa harusi bila spika ni aibu kwa kanisa. Hivyo uongo wangu ulitulazimisha kupandisha lile sanduku la mbao juu ya lori la samaki, na kulishikilia kwa mikono yote katika kila shimo la barabara. Zingatieni jambo hili, kwa sababu spika ile ndiyo iliyotuinua na ndiyo iliyotuangusha.

Tumwine alitupa katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, akatuacha tule barazani huku yeye akizungumza uani na mtu wa redio. Walizungumza Kinyankole, kisha Kiingereza, kisha Kiswahili, na katika Kiswahili nilisikia yote. Mtu wa redio aliuliza kama hawa wa kambi wanaweza kuimba kitu cha kulia, kwa kuwa cha kulia kingepata wasikilizaji hadi Ulaya. Tumwine aliporudi alitwambia hivyohivyo, kwa uso mwema kabisa. "Nyabo, sikia mimi," alisema, akiniita bibi kwa lugha yao na kunielekea kwa sababu nilikuwa nimeshika karatasi ya maneno. "Hii wimbo iko na nguvu, lakini haina machozi. Mtu ya kambi akiimba, watu wanataka machozi. Weka mama, weka vita, weka kulia kidogo." Asende aliweka sahani chini, akamwita bwana kwa lugha yake mwenyewe. "Ssebo, na weye ukiimba, batu banakuomba kwanza ulie?"

"Mimi?" Tumwine alicheka hadi tumbo likatikisika. "Mimi niko na ng'ombe. Nitalia nini?"

"Basi utuhesabu na sisi tuko na ng'ombe," alisema Asende, "halafu urekodi."

Alianza kufunga gitaa lake katika shuka, na sisi tukasimama pamoja naye. Hakuna aliyekuwa ametufundisha kusimama namna ile. Tulikuwa watu ambao maisha yetu yote ya karibuni yalikuwa kukaa chini tulipoambiwa, na hapo, mbele ya sahani tupu za mtu aliyetulisha, tulisimama kuondoka na wimbo wetu. Tumwine alitutazama mmoja mmoja, akajikuna shingo, akasema basi, twende ndani, lakini turekodi saa ambayo mwenye mashine ya kusagia anakula, vinginevyo hakuna kitakachosikika.

Msagaji alikula kuanzia saa saba hadi saa nane. Nusu ya kwanza ya saa hiyo ilipotea kwa sababu kikuza sauti cha Tumwine kilianza kunuka kuungua, naye akakizima akitukana kwa lugha mbili. Melkiori ndiye aliyekumbuka sanduku letu lililokuwa barazani. Tuliunganisha gitaa la Asende kwenye spika ya kanisa, iliyokuwa na kikuza sauti chake ndani, tukaweka maikrofoni mbele yake, na alipopiga uzi wa kwanza ile spika ikakohoa: sauti nzito, iliyopasuka, yenye mchanga ndani yake. Tumwine alishika kichwa akasema chombo kimeharibika. Sisi watatu tulitazamana, kwa sababu ilikuwa sauti ya kaseti isiyo na jina, na ilikuwa yetu, imetengenezwa na mvua ya Nakivale. Tulipiga mara moja, tukakosea. Mara ya pili besi yangu iliteleza. Mara ya tatu hakuna aliyekosea. Tulikuwa tumefika kiitikio cha mwisho wakati msagaji, upande wa pili wa ukuta, alipomaliza kula na kuwasha mashine. Mngurumo wake ulipanda ukutani, ukaingia katika miguu yetu. Asende hakunyamaza. Aliimba juu yake, rudi weye, rudi weye kesho, hadi pumzi ilipokwisha. Tumwine alitaka turudie siku nyingine. "Mashine imeingia mu tempo yangu," alisema Melkiori akifuta jasho. "Muiache." Waliosikia wimbo ule na kusifu chombo cha ajabu kinachonguruma mwishoni, sasa wanajua kilikuwa nini.

Mtu wa redio, kutoka studio yake katika kilima cha Kamukuzi, aliupiga mara moja kama mzaha, kisha akaupiga tena kwa sababu watu waliuomba. Baada ya majuma machache wachuuzi walikuwa wakiuza kaseti zake sokoni Mbarara, na wafanyabiashara waliozoea mpaka wa Kikagate waliuvusha hadi upande wa Tanzania. Lakini ushindi ninaoukumbuka haukuwa huko. Ulikuwa siku ya mgao, nikiwa katika mstari mrefu chini ya jua, wakati mama mmoja wa Kirundi mbele yangu alipofika dirishani na kuambiwa arudi kesho. Hakusogea. Nyuma yake mtu mmoja alianza kiitikio kwa sauti ya chini, na kabla hajamaliza mstari wa kwanza kilikuwa kimefika mwisho wa foleni, Warundi na Wakongomani, wazee na watoto, rudi weye, rudi weye kesho. Hapakuwa na jiwe wala tusi. Mtu wa dirishani aliinua kichwa. Sikuwahi kuona macho yake kabla ya siku ile. Yalikuwa macho ya mtu aliyechoka. Alichukua karatasi ya yule mama na kuisoma.

Papa Lusambya alikuwa katika mstari uleule, na redio ya muuza chai ilikuwa ikiupiga wimbo. Aliniambia baadaye kwamba hakuzitambua sauti zetu. Alikitambua kikohozi cha spika yake.

Baraza la wazee lilikutana Alhamisi. Kwa watu wasiojua desturi yetu niseme kwamba aliyekosa huwekwa pembeni: huketi benchi la mwisho lililo karibu na mlango, hagusi chombo, hapokei mkate wa Bwana, hadi asimame mbele ya kanisa zima na kutubu. Melkiori alisikia habari hiyo akatikisa kichwa. "Sisi tunatubia mu kisanduku, na padri peke yake," alisema. "Ninyi munatubia mu mikro, watu wote wasikie." Kwake yeye ulikuwa mzaha. Kwangu ulikuwa mwaka mzima wa mbele. Chuo kimoja cha ualimu huko Mbarara kilikuwa kimenikubali kwa sharti la barua ya mwenendo mwema kutoka kwa kanisa langu, na barua ya mtu aliye pembeni haiandikwi. Wazee walituandikia mimi na Asende karatasi moja ya kusoma. Ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema tulitoa vyombo vya kanisa kwa uongo. Ya pili ilisema tuliimba wimbo wa dunia, na kwamba tunaukana, si wetu tena.

Nataka kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu nimewahukumu wengine kwa makosa madogo kuliko hili. Sentensi ya kwanza ilikuwa kweli, na tena ilikuwa yangu mimi kuliko ya Asende. Ningeisoma na kuketi, ningekuwa mtu huru na mwenye haki. Jumapili ile nilisimama, nikaisoma ya kwanza kwa sauti iliyo wazi, kisha macho yangu yakashuka kwenye ya pili, nikamwona Papa Lusambya akiwa ameshika bahasha ya barua yangu, nikaisoma na hiyo. Sauti haikutetemeka. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama ilitetemeka, na haikutetemeka. Kanisa lilisema amina. Kisha Asende alisimama na karatasi yake. "Juu ya byombo, munisamehe, nilikosa," alisema. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati. "Juu ya wimbo, hapana. Ile wimbo haiko ya shetani. Iko ya batu bote bale banasimama mu mustari." Hakungoja kuambiwa. Alitembea katikati ya safu mbili za watu, akaketi benchi la nyuma.

Nilipata barua yangu. Vyombo vilirudi kwenye misumari na ufunguo ukarudi shingoni, na Tumwine alipotuma ujumbe akiomba wimbo wa pili, hapakuwa na gitaa, wala mpiga besi, wala bendi. Watu hudhani kwamba Turubai ilikuwa bendi ya wimbo mmoja kwa kukosa vipaji. Ilikuwa bendi ya wimbo mmoja kwa sababu mimi niliukana. Asende aliketi benchi lile miaka sita, kila Jumapili, mvua na jua, hadi mchungaji mgeni asiyejua habari zetu alipompa mkate bila kumuuliza. Na hata baada ya hapo hakuhama. Nilipomtembelea nikiwa mwalimu tayari, nikijaribu kusema nilichokuwa nimekuja kusema, alinikatiza kwa tabasamu. "Weye ulipata chuo. Mimi nilipata fasi ya kunyoosha miguu." Hakunilaumu hata siku moja. Nimekuwa mkali kwa wanafunzi wangu, na wao hudhani ukali huo unatoka vitabuni.

Ndivyo ilivyokuwa nilipoketi safu ya tatu Jumanne ile. Papa Lusambya, ambaye sasa ni mzee sana na husoma karatasi akiwa ameiweka karibu na pua, alimaliza sentensi yake kuhusu tunda la kanisa letu na kupumua ili aendelee. Katika desturi yetu hakuna anayekatiza wasifu wa marehemu. Nilisimama. Niliomba radhi kwa jamaa ya Asende, kisha nikasema kwamba katika nyumba ile nilitubu mambo mawili, na kwamba toba ya kusema uongo naishikilia hadi kufa, lakini toba ya wimbo naiondoa leo, mbele ya watu walewale walioipokea na mbele ya yule aliyekataa kuitoa. Nilisema wimbo ule ulitengenezwa na watu watatu ambao kanisa hili liliwafungia mlango wa chumba, na kwamba mmoja wao yuko ndani ya sanduku hili, na wimbo wake usiitwe tunda la mti uliomkata.

Nje, turubai lilipigwa na upepo. Papa Lusambya aliishusha karatasi. Hakukasirika; alionekana kama mtu aliyekuwa akingoja jambo hilo kwa muda mrefu na hakujua lingetoka upande gani. "Noela, mwanangu," alisema, "sheria unaijua."

"Ninaijua, Papa. Fasi yangu ninaijua vilevile."

Nilichukua kitabu changu, nikatembea katikati ya safu mbili za watu. Melkiori alikuwa kwenye benchi la nyuma, ndevu zimekuwa nyeupe, kofia magotini. Kama Mkatoliki aliye mgeni, hakuona sababu ya kukaa pengine. Alisogea bila kunitazama. "Umekawia, dada," alisema.

Tangu hapo, kila Jumapili nasafiri kutoka Kakiika kuja kuketi hapo. Mbao zake ni ngumu, na kweli kuna nafasi ya kunyoosha miguu. Juma lililopita wazee wawili vijana, wenye adabu, waliovaa tai, walikuja hadi nyumbani kwangu na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, yenye sentensi moja tu ya kukana niliyoyasema mazikoni, wakanieleza kwamba nikiisoma mbele ya kanisa nitarudishiwa kiti changu na heshima yangu. Niliwakaribisha chai yenye maziwa, nikawauliza habari za wake zao, nikaisoma karatasi hadi mwisho, nikaikunja mara mbili. Kisha nikawaambia warudi kesho.